Matanga ya Wafu wa Sinema

Nchi yetu siitaji jina. Si kwamba naogopa. Mimi ni mjumbe wa nyumba kumi, nina muhuri wangu na kiti changu, na mwenye muhuri ataogopa nini? Siitaji kwa heshima tu, kama mtu asivyomtaja mkwewe kwa jina. Atakayedhani nasema nchi yake, shauri yake.

Kwetu watu wanapenda sinema za Marekani kuliko wali wa sikukuu. Vijana hunyoa kama Wamarekani na kutembea kwa kuchechemea kama Wamarekani. Hata mwizi wa kuku akikamatwa anadai kwanza aletewe wakili wake, na mahabusu yetu haina wakili wala kiti cha kumkalisha. Kiingereza cha humo ndani ndicho kinachotushinda. Kwa hiyo kila kibanda cha video kina mtafsiri, anakaa pembeni ya televisheni na maiki mkononi, anapunguza sauti ya mkanda na kutueleza kinachosemwa. Mtaani kwangu mtafsiri alikuwa Bi Namsifu, mjane mfupi mwenye sauti nzito. Mwanamke yule alisema kwa niaba ya majenerali, malaika, mbwa na mabibi harusi, na wote tuliwaelewa.

Sasa sikilizeni. Katika sinema za Marekani kuna desturi moja. Kukiwa na nyumba yenye giza, au pango, au mlango unaolia peke yake, lazima mtu atangulie kuchungulia. Na anayetangulizwa ni yule mmoja mweusi kama sisi. Anaingia. Kishindo! Haonekani tena. Steringi, yaani shujaa wa sinema, anasikitika kidogo, mchumba wake anasikitika kidogo zaidi, kisha wanaendelea na mapenzi yao.

Hivyo ndivyo mkanda ulivyosema. Bi Namsifu hakusema hivyo hata siku moja. Yeye alisema, "Msiwe na wasiwasi, jamani, ndugu yetu kazimia tu. Wameshamkimbiza hospitali ya rufaa." Baadaye steringi akipiga simu kuomba helikopta, Bi Namsifu alisema, "Hapa anamuuliza ndugu yetu kule wodini afanyeje. Ndugu yetu anamwambia, pita kushoto." Na steringi akapita kushoto! Tukapiga makofi hadi viganja vikawaka. Mji wa Marekani ukiokolewa mwishoni, steringi akibusiwa, sisi wa kibandani tulijua fika nani kauokoa.

Tafsiri zake zikanakiliwa nchi nzima. Tukakua hivyo, vichwa juu.

Shida ilikuja na elimu. Waziri wetu wa Utamaduni, Mwenendo na Sura ya Taifa, Mheshimiwa Dakta Mwinyipembe, alialikwa Marekani kwenye semina ya namna bora ya kuandaa semina. Ndani ya ndege akapewa visikilizio vya masikioni na, kwa bahati mbaya, Kiingereza anakijua. Akatazama sinema. Ndugu yetu akatangulizwa pangoni. Kishindo. Waziri akangoja kwa utulivu mpaka sinema ikaisha, kisha akamwita mhudumu.

"Binti, yule bwana wa pangoni ametoka lini hospitali?"

"Yule amekufa, bwana."

"Amekufaje?"

"Wao hufa mapema, bwana. Nikuletee juisi?"

Wanasema alilia mpaka abiria wa jirani akahamishwa. Akaweka sinema nyingine, akalia tena. Semina hakuiona. Alirudi na ndege iliyofuata, akaingia bungeni na koti lake la safari likiwa limekunjamana.

"Waheshimiwa wabunge," alisema, "nasimama mbele yenu nikiwa na majonzi mazito, majonzi ya kitaifa, majonzi ya kimkakati. Tumefiwa! Na tumefiwa siku nyingi bila kuarifiwa! Mficha maradhi, kilio humuumbua. Kilio ndicho hiki."

Bunge likasimama kimya kwa ajili ya kila marehemu, mmoja mmoja. Spika alipoona wabunge wazee wanaanza kuyumba, akaelekeza kwamba marehemu waliosalia wakumbukwe kwa kukaa.

Ikatangazwa matanga nchi nzima. Kifo cha wengi harusi, wahenga walisema, na mtaani kwangu benchi za kibandani zilitolewa nje, mikeka ikatandikwa, masufuria ya wali na maharage yakatelekwa barabarani, wanawake wakajifunga kanga viunoni. Ila lilizuka jambo: mfiwa ni nani? Watu wamekuja kutoa mkono wa pole, wampe nani? Wizara ikaagiza kila mtaa uteue Mfiwa wa Muda. Kwangu wakajitokeza wengi, pakawa na matusi, nikapigisha kura. Akashinda Mzee Dihenga, fundi cherehani, kwa kuwa uso wake ni wa huzuni tangu kuzaliwa.

Lakini msidhani ulikuwa mchezo. Jirani yangu Bi Shuweha alinishika mkono pale mkekani, mkono wake baridi kama mtungi.

"Mjumbe, yule mrefu, mwenye meno mazuri, akicheka unacheka naye. Naye pia?"

"Naye, Bi Shuweha."

"Na yule polisi mzee, aliyekuwa karibu kustaafu?"

"Huyo ndiyo usiseme."

Akaketi palepale, akajifunika kanga usoni. Nami, pamoja na muhuri wangu, nikageuka upande nikafuta macho. Yule wa meno mazuri nilikuwa nampenda sana.

Matanga yalipoanuliwa, Wizara ikauliza swali ambalo kila msiba huuliza: nani alijua asiseme? Ikapitishwa Sheria ya Kuficha Misiba. Ilipita asubuhi, ikaanza kutumika tangu miaka ishirini iliyopita. Yeyote anayejua kifo na akakinyamazia, au akakipa kifo jina jingine, atafungwa miaka kumi.

Polisi wakija kukamata mtu mtaani, utaratibu ni wapitie kwa mjumbe. Wakanipitia nikiwa nakula mihogo. Sikumaliza. Tukamkuta Bi Namsifu uani anasugua sufuria.

"Bi Namsifu," Inspekta alisema, "unatuhumiwa kuwaficha wananchi vifo vya ndugu zao."

"Niliwaficha," alisema, wala hakuacha kusugua. "Nilipoanza kazi nilisema kweli. Nilisema, amekufa. Watu wakavaa kandambili zao wakaenda nyumbani. Mtu wao kashakufa, wakae wamtazame nani? Waliobaki walibaki wameinamisha vichwa kana kwamba wamefumaniwa. Nikaona, hapana. Mimi siwezi kuwaua watu wangu kila jioni kwa mdomo wangu mwenyewe."

"Kazi ya mtafsiri ni kutafsiri," nikamwambia, kwa sauti yangu ya serikali.

"Na kazi ya mjumbe ni nini, Mjumbe?"

Inspekta alikuwa anasikiliza. Nikamfungia mlango wake kwa kufuli, wakamchukua.

Hapa lazima niseme kwamba Bi Namsifu ni Mndewa. Wandewa ni watu wachache wa milima ya kaskazini, walima viazi. Sisi hatuwabagui hata kidogo, na atakayesema tunawabagua anatafuta ubaya. Katika michezo ya televisheni ya taifa tunawapa nafasi kuliko kabila lolote: mwizi ni Mndewa, mchawi ni Mndewa, mlinzi anayelala lindoni ni Mndewa. Huo si ubaguzi, ni mila ya sanaa. Mdogo wake Bi Namsifu, Mshitu Kilua, ndiye aliyeigiza mwizi kila Jumapili baada ya taarifa ya habari. Na aliuweza wizi, Mungu ampe! Aliuweza mpaka wazazi wa wasichana wakawa wanamfukuza mlangoni, eti hatuozi mwizi. Kwao milimani mama yake mzazi, aliyekuwa anatazama televisheni kwa jirani, alianza kufungia sukari kabatini kila Mshitu alipokuja kumsalimia. Mshitu alicheka alipotusimulia hilo, lakini chai yake hakuimaliza.

Wakati Bi Namsifu yuko mahabusu, kampuni moja ya Marekani ikaomba kuja kupiga sinema nchini. Waziri akaona Mungu kamletea. Akawapa ruhusa kwa sharti moja: mwenyeji asife. Kampuni ikamtuma Bwana Kertis, mtu mpole sana, kila akisikia lalamiko anaweka mkono kifuani.

"Tunawasikia," alisema Bwana Kertis. "Tunajifunza. Tunaumia pamoja nanyi."

Akatia saini kwamba mwenyeji hatakufa tangu mwanzo wa sinema hadi mwisho wake. Siku ile tulipewa mapumziko. Magari yalipiga honi hadi betri zikafa.

Ikabaki kumpata huyo asiyekufa. Alaa! Ofisi zilifungwa. Makatibu wakuu walipanga foleni na suti zao, na Waziri mwenyewe akiwa mbele. Bwana Kertis akawatazama kwa huruma.

"Ni watu wazuri," alisema, "ila hawafanani na watu wa hapa."

Waziri akavua viatu. Wakamwomba akimbie kidogo, akakimbia. Wakamwomba ashangae ndege, akashangaa.

"Bado anafanana na daktari," Bwana Kertis alisema.

"Lakini mimi ni daktari!"

"Hilo ndilo tatizo, Mheshimiwa."

Waziri akavaa viatu vyake, akafikiri, akasema, "Kama ni hivyo, tunao Wandewa. Hao wamezoea." Basi akapatikana Mshitu.

Wakampeleka kwao milimani, ambako asubuhi majani huamka na barafu na watu huvaa makoti ya sufu na mabuti ya mpira. Wakamvua koti. Wakamfunga ngozi ya mbuzi kiunoni na kumvika shanga walizonunua uwanja wa ndege. Mshitu akasema, jamani, hapa ni baridi. Wizara ilikuwa na ofisa wake pale, Mwangalizi wa Sura ya Taifa, amevaa makoti mawili. Akawaeleza wageni kwamba Wandewa hawasikii baridi, ni watu wa asili.

Sinema ilipokuwa tayari, Waziri akaenda mahabusu mwenyewe. Nilikuwepo, kwa kuwa nilitakiwa kumdhamini mtu wangu.

"Nchi nzima itaitazama kwa siku moja," Waziri alimwambia Bi Namsifu, "na wewe utaitafsiri. Kila neno litakalotamkwa, ulitamke kama lilivyo. Usiongeze, usipunguze. Ukifanya hivyo unakwenda nyumbani siku hiyohiyo. Ukibadili neno moja, miaka kumi."

"Mdogo wangu yumo?"

"Yumo. Na hafi!"

"Mbona hajaja kunitazama?"

Waziri akarekebisha tai. "Amekuwa mtu mkubwa sasa, mama. Ana shughuli."

Bi Namsifu akafurahi, nikaona ameng'aa uso mzima. "Basi nitasema kila kitu," akasema.

Siku ya uzinduzi Ukumbi wa Taifa ulijaa hadi ngazini. Mabalozi mbele, wake za mabalozi kando yao, Bwana Kertis na mkono wake kifuani, na kule juu kabisa, roshani ya mwisho, wafagiaji wa ukumbi, ambao wote ni Wandewa. Bi Namsifu alikaa chini ya jukwaa na maiki yake, mimi mdhamini ubavuni pake, askari wawili nyuma.

Taa zikazimwa. Steringi alikuwa Mmarekani mwenye nywele zisizotibuka hata kwenye tufani, amekuja kutafuta jiwe la thamani ambalo babu zetu, kwa ujinga, walikuwa wanalikalia. Mshitu akatokea na ngozi yake ya mbuzi. Ukumbi ukalipuka! Bi Namsifu akatafsiri kila neno la steringi, hata lile la kipuuzi, sauti imenyooka kama kamba ya kuanikia nguo.

Wakafika pangoni. Steringi akanyoosha kidole: tangulia. Ukumbi mzima ukashika vichwa. Mshitu akaingia. Kishindo! Mama mmoja nyuma yangu akaanza, "Inna lillahi..." Mshitu akatoka. Mzima! Ana taa mkononi! Lo, vigelegele vile sijavisikia hata harusini. Waziri alisimama akapunga pande zote.

Kisha Mshitu akasema. Wamarekani walikuwa wamemwambia aseme lolote kwa Kindewa, na maana ya maneno yake wataiandika wenyewe. Chini ya picha yakatokea maandishi kwamba mizimu ya mlima huu imekungoja wewe, ewe bwana mkubwa. Mshitu, midomo inatetemeka, akanyoosha mkono mlimani akasema maneno mengi. Kule roshani kelele zikakatika ghafla.

Bi Namsifu alishusha maiki. Nikamsogelea sikioni, "Bi Namsifu, miaka kumi." Akainua maiki.

"Anasema: Nasikia baridi. Koti langu wamelificha, eti linaharibu picha. Kifua kinanibana tangu juzi. Mtu wa Wizara yuko nyuma ya kamera anakunywa supu, ndiye aliyesema sisi hatusikii baridi. Nimeambiwa niseme lolote kwa sababu hakuna atakayeelewa. Dada Namsifu, wewe utaelewa. Mwambie mama mimi si mwizi. Ilikuwa kazi tu."

Waziri aliruka viti viwili. "Badilisha!" alinong'ona, na maiki ikambeba hadi barabarani kwenye vipaza sauti. "Mama, badilisha! Sema ametukaribisha! Sema anasifu mandhari!"

"Kila neno kama lilivyo, Mheshimiwa," alisema Bi Namsifu.

Sinema ikaendelea. Mshitu hakusema tena. Alibeba mabegi, alivusha watu mto, na mwishoni steringi akamzawadia miwani yake ya jua. Kweli hakufa. Yakapita majina: dereva, mpishi wa madereva, mbwa wa steringi na jina lake kamili. Mshitu aliandikwa Mwenyeji wa Kwanza. Ukumbi haukujali, ulishasimama unaimba, "Mshitu! Mshitu! Aje! Aje!"

Waziri akapanda jukwaani anajifuta jasho. "Ndugu wananchi! Hafi! Tumeshinda! Kijana wetu angependa kuwa nasi, ila wenzetu wa Marekani wamemng'ang'ania. Yuko huko, mzima kabisa, anakula vizuri, hana tatizo lolote, anawasalimu sana."

Mimi nilipiga makofi. Bi Namsifu hakupiga. Alikuwa ameifanya kazi hiyo maisha yake yote, ya kumtia mtu uzima kwa maneno, na sauti ya kazi hiyo aliisikia kwa Waziri. Akasema kwenye maiki, polepole:

"Mheshimiwa, mdogo wangu amekufa lini?"

Waziri akatazama saa yake. Yule Mwangalizi wa makoti mawili, aliyekaa safu ya pili, akaanza kulia kama mtoto. "Nimonia," alisema. "Siku chache tu baada ya kumaliza picha. Yuko mochwari ya mkoa. Tuliambiwa tungoje uzinduzi upite."

Bi Namsifu aliweka maiki sakafuni. Akavua kanga ya kichwani, akajifunga kiunoni, akakaza fundo. Ndipo akalia, na roshani nzima ikamjibu.

Mimi ni mtu wa sheria. Kesho yake nilikwenda na muhuri wangu kwenye Tume inayosimamia sheria ile, nikauliza kwa adabu kama Sheria ya Kuficha Misiba haimhusu Mheshimiwa. Mwenyekiti alinipokea vizuri, akaniagizia soda, akanisomea kifungu. Msiba, kwa mujibu wa sheria hii, ni kifo kilichotokea ndani ya sinema. Ndani ya sinema Mshitu hakufa, na mkataba upo.

"Yeye alifia nje ya picha, Mjumbe," alisema. "Huko hatuna mamlaka."

Nikaomba basi atangaziwe matanga, hata ya mtaa mmoja. Akasikitika sana. Majonzi ya taifa kwa mwaka ule yalikuwa yameshatumika yote.

Bi Namsifu aliachiwa kama alivyoahidiwa, kwa kuwa hakubadili neno. Tukapanda naye milimani kuzika. Wizara ilimtuma Mwangalizi na shada la maua na hotuba. Wazee wa Kindewa hawasikii Kiswahili cha serikali, kwa hiyo akamwomba Bi Namsifu amtafsirie. Mimi Kindewa sikijui, ila mfagiaji mmoja wa Ukumbi wa Taifa alisimama karibu yangu akinieleza sikioni.

"Tumekusanyika," Mwangalizi alisoma, "kumsindikiza Mwenyeji wa Kwanza, hazina ya taifa, aliyejitoa bila kujibakiza ili sura ya nchi yetu ing'are katika anga za kimataifa."

Bi Namsifu akawageukia watu wake. "Tunamzika Mshitu, mwana wa Kilua," alisema. "Alilima viazi, na akipalilia alikuwa anaimba vibaya. Amekufa kwa baridi, nyumbani kwao, kwa sababu waliovaa makoti walimvua lake. Alikuwa mwigizaji. Hakuiba kitu cha mtu, hata siku moja."

"Umesema yote?" Mwangalizi akamuuliza.

"Yote."

Mama yao alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya kaburi, bibi kizee, na tangu tufike macho yake yalikuwa makavu kabisa, watu walishaanza kumnong'ona. Akanyanyua uso, akamuuliza binti yake neno moja. Mwangalizi akaniuliza mimi, "Bibi anasemaje?" Nikamwambia, kwa sauti yangu ya serikali, kwamba anaishukuru Wizara.

Bibi alikuwa ameuliza, "Kwa hiyo hakuiba?"

"Hakuiba, mama. Hata sukari."

Ndipo yule mama akainuka kwenye kigoda, akapiga magoti kwenye udongo, akaanza kumlilia mwanawe.